Kidonge Kilichosimama Njiani

Hapo zamani, na msiniulize zamani ipi, maana hata asubuhi ya leo ni zamani kwa aliyezikwa mchana, palikuwa na mwanamke akivuja damu bila jeraha. Ninyi mnaopanga majani, endeleeni kupanga. Mikono haina masikio, nami sitaki bwana shamba aje kusema hadithi yangu ndiyo iliyochanganya jani la kwanza na jani la tatu. Nipeni masikio tu. Mwishoni nitataka jibu lenu, na safari hii sikubali "hatujui."

Mwanamke huyo aliitwa Minza. Kijiji chake kiliitwa Igalamya, kijiji cha tumbaku kama chetu, mabani yake ya kukaushia majani yakifuka moshi msimu mzima. Alikuwa na miaka ishirini na minne, mke wa Shigela, bado hajazaa. Waliishi nyumba moja na mama yake Shigela, mjane aitwaye Nyanzobe. Kazi ya Nyanzobe ilikuwa kuchochea moto wa bani, na moshi wa miaka mingi ulikuwa umemwachia macho mekundu. Yashikeni hayo macho, nitayarudia.

Shikeni na desturi mbili za Igalamya, maana bila hizo hadithi yangu haina miguu.

Ya kwanza ni ya majina. Mtoto wa Igalamya hapewi jina kwa sababu linapendeza. Anapewa jina la mtu, aliye hai au aliyekufa, na mtu huyo anaishi ndani yake. Mwili mmoja, jina moja. Mtu akifa bila mtoto wa kumbeba, jina lake hubaki nje, halina pa kuingia. Ya pili inatoka humo humo: mtu wa Igalamya akiitwa mara moja haitikii. Anangoja la pili. Jina lililobaki nje lina pumzi ya kuita mara moja tu, na anayeliitikia hamalizi misimu mitatu. Cheka wewe, lakini jana nilikuita mara moja pale kisimani na hukuitika.

Haya. Minza akaanza kupauka. Viganja vikapauka, ulimi ukapauka, kucha zikawa kama za maiti aliyeoshwa. Akipanda ngazi za bani anashika ukuta. Akawa anakula udongo, wanawake wakakonyezana wakidhani ana mimba. Hakuwa na mimba. Zahanati wakampima, wakakuta damu imebaki nusu ya inayotakiwa. Wakampa vidonge vya kuongeza damu, akameza. Ikazidi kupungua.

Wakampeleka wilayani, wakamtia damu ya mfuko. Akarudi anacheka, mashavu yamejaa. Baada ya wiki tatu, mweupe. Wakamtia tena. Baada ya wiki mbili, mweupe. Hakuna kidonda, hakuna kutapika, hakuna maumivu. Damu inatoka, mlango wake hauonekani.

Sasa, damu ikipotea, na mlango wake hauonekani, watu watautafuta mlango hata usipokuwepo. Majirani wakaanza kutazama. Wakaona kitu. Kila asubuhi Minza akitoka chooni, Nyanzobe anaingia nyuma yake, tochi mkononi, mchana kweupe. Anakaa huko muda, ndipo anatoka. Kesho vilevile, keshokutwa vilevile.

"Anafuata nini huko?" wakaulizana.

"Anafuata damu ya mkwe wake. Hamuoni macho yake?"

Na Shigela mume? Mume gani yule. Alikuwa mume wa kuitikia. Mama yake akisema, anaitikia. Majirani wakisema, anaitikia. Usiku analala ameegemeza kinu mlangoni pa chumba, mama yake asiingie.

Lakini nitawaambia Nyanzobe alifuata nini. Zahanati walisema choo cha Minza ni cheusi kwa sababu ya vidonge vya kuongeza damu, na ni kweli vile vidonge hufanya hivyo. Nyanzobe akabisha. Alikuwa mtu wa tumbaku, weusi anaujua. Alimwambia muuguzi, "Mwanangu, cheusi cha dawa ni kikavu. Hiki kinang'aa, kinanata, kama utomvu wa tumbaku ukikaa mkononi siku nzima. Na harufu yake si ya chakula. Hii ni damu iliyopikwa tumboni." Muuguzi akamwambia aende nyumbani. Hakwenda. Akarudi kesho yake na choo hicho kidogo kwenye jani la mgomba, akaliweka mezani. Hapo ndipo wakapima, wakakuta ni damu, wakaandika barua ya kwenda hospitali kubwa ya mkoa.

Siku moja kabla ya safari, wanaume wa sungusungu, walinzi wa kijiji, walikuja. Wanne, na marungu yao wakayaegemeza ukutani kwa adabu kabisa. Mkubwa wao akaamkia kwanza.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba."

"Hatukuja kwa ugomvi. Tunataka tujue damu ya mtoto wa watu inakwenda wapi. Akirudi na jibu, utakaa. Akirudi bila jibu, au asiporudi, utatujibu wewe."

Wakakunywa maji, wakashukuru, wakaondoka. Asubuhi Nyanzobe aliwasha moto wa bani kama kawaida, kisha akafunga kanga na kwenda hospitali na Shigela na mkwe wake.

Kule hospitali Minza alianguka kwenye korido. Benki ya damu hakuna ya kundi lake. Shigela akapimwa, haikulingana. Nyanzobe akapimwa, ikalingana. Wakamlaza, wakamtoa mfuko mzima, na yeye mwenyewe mwembamba hivi. Minza alipofumbua macho aliona mfuko mwekundu juu yake, akauliza ni ya nani. Wakamwonyesha kitanda cha pili, mkwe wake amelala na pamba mkononi. Yule anayesemwa anakunywa, ndiye aliyekuwa akimnywesha.

Minza akalia. Akasema, "Mama, nikipona, nikizaa, mwanangu wa kwanza nitampa jina lako."

Hiyo ni ahadi ya kwanza.

Madaktari wakaanza kutafuta. Wakaingiza mpira wenye kamera kinywani, wakafika tumboni: pasafi. Wakaingiza mwingine kwa chini: pasafi. Damu inatoka, mlango wake hauonekani. Daktari mkuu akawaeleza kwamba katikati, mahali mipira hiyo isipofika, kuna utumbo mwembamba, umejikunja. Ukiunyoosha, ni kutoka hapa nilipokaa hadi mlangoni pa ghala na kupita. Humo ndimo walimobakiza kutazama.

Kulikuwa na kidonge cha kutazama humo. Si cha dawa. Kikubwa kama kokwa ya tende, upande mmoja kina jicho na taa ndogo inayopepesa. Unakimeza, kinakwenda chenyewe njia ya chakula, kila kinapopepesa kinapiga picha, na mkanda uliofungwa kiunoni unazipokea. Kinaona kwa saa kumi, halafu taa yake inakufa, nacho kinatoka kama kitokavyo chochote. Hospitali ile ilikuwa imeletewa vichache na madaktari wageni. Kilikuwa kimebaki kimoja. Na hicho kimoja kilikuwa na mwenyewe.

Mwenyewe alikuwa Mzee Kasanda. Huyu naye alikuwa akivuja kwa ndani, akikingoja kidonge hicho kwa mwezi wa nne sasa. Alikuwa mstaafu wa reli. Miaka thelathini na mmoja alikaa penye njia panda ya gari moshi na barabara, taa nyekundu mkononi, kazi yake kusimamisha. Minza alimkuta kwenye benchi la kungojea kutiwa damu, nao wawili wakawa wanakaa hapo siku baada ya siku, mmoja mweupe, mwingine mweupe zaidi. Minza alimweleza yote: damu, mkwe, sungusungu.

Asubuhi ya kumeza ilipofika, mzee akamwita daktari mkuu.

"Mpeni huyu binti."

"Mzee, wewe ndiye wa zamu. Na hali yako si nzuri."

"Mimi nimesimamisha treni miaka thelathini na mmoja. Naijua inayoweza kungoja na isiyoweza. Huyu nyuma yake kuna mtu mwingine atagongwa. Mimi nyuma yangu hakuna behewa."

Alikuwa na maana kwamba hana mtoto, na mkewe alitangulia. Minza akapiga magoti. "Babu, nikipona, nikizaa, mwanangu wa kwanza nitampa jina lako."

Mzee akacheka. "Usiahidi kitu ukiwa na njaa, mjukuu wangu." Maana Minza alikuwa hajala tangu jana yake, ndivyo walivyomwagiza. Kisha mzee akaacha kucheka. Akamtazama sana. "Lakini umeshasema, nami nimesikia."

Hiyo ni ya pili.

Saa mbili asubuhi Minza akameza. Mkanda ukapepesa kiunoni. Akalala kitandani anakisikiliza. Muuguzi akamwambia hakisikiki, hakuna mtu aliyewahi kukisikia. Ikapita saa tatu, nne, tano, sita. Mchana, jua liko juu, wodi imetulia, Minza akainuka.

"Kimesimama," akasema.

"Nini?"

"Kidonge. Kimesimama. Kuna mtu amekishika."

Muuguzi akamlaza. Baada ya robo saa hivi Minza akasema, "Kimeachiwa," akalala usingizi.

Na wodi ya wanaume, mchana huohuo, Mzee Kasanda alitapika damu beseni zima. Walimkimbilia, wakachelewa. Aliyekuwa karibu alisimulia kwamba mzee hakuita wala hakulalamika. Aliinua mkono wa kulia, kiganja mbele, akaushikilia hivyo juu, kama anamzuia mtu mlangoni. Akakata roho mkono ukiwa juu. Waliushusha, ukapanda. Ilibidi waufunge kwa bandeji ndipo utulie. Wakaandika kwenye faili saa ya kufa: saa saba na dakika ishirini.

Sasa njoo kwa mtu wa tatu. Huyu aliitwa Winfrida, mtumishi wa chumba cha picha, mgeni wa kutoka kusini, desturi zetu hazijui. Picha za Minza zilipotoka mkandani zilikuwa zaidi ya elfu hamsini. Daktari mkuu alikaa akazipitisha mbio, kama mnavyopitisha majani mnapotaka kwenda nyumbani. Akasema, "Hakuna kitu. Futa, tunahitaji nafasi."

Hakuna kitu. Winfrida neno hilo alilijua. Mimba tatu zilimtoka, na kila mara walimpima wakamwambia hakuna kitu. Alimwendea Minza wodini kumpa habari, na Minza akamshika mkono, hakuachia.

"Dada, wakisema hakuna kitu, nikirudi nyumbani mama mkwe wangu wanamuua. Tazama tena. Ukiona, nikipona, nikizaa, mwanangu wa kwanza nitampa jina lako."

Ndiyo, ya tatu. Msinitazame mimi. Mtu anayezama hahesabu kamba alizoshika.

Winfrida hakufuta. Akavuta mapazia mchana, akazima taa, akakaa na picha moja moja. Siku ya kwanza hakuona kitu. Siku ya pili akagundua jambo. Mashine ya kutazamia picha, ikikuta picha zinazofanana, huzificha ili daktari asichoke. Kulikuwa na mahali ambapo imeficha picha mia tisa kwa mpigo. Mia tisa za mahali pamoja. Maana yake kidonge hakikuwa kinatembea. Kilisimama pale robo saa, kikitazama ukuta.

Siku ya tatu akazifichua zile mia tisa. Ukuta wa nyama, wa waridi, mkunjo mmoja umefumba. Picha inayofuata, mkunjo umefumba. Inayofuata, umefumba. Macho yalimuuma, machozi yakimtiririka, vidole vyake vikibonyeza vyenyewe. Na hapo, ndani ya kile chumba, nyuma ya kiti chake, mtu akamwita.

"Winfrida."

Sauti ya mzee, ya upole. Mara moja.

Wewe na mimi tungenyamaza. Yeye ni mgeni. "Abee," akaitika, akabonyeza kusimamisha picha, akageuka. Mlango umefungwa. Pazia halitikisiki. Hakuna mtu. Akageuka tena kwenye kioo cha mashine.

Picha iliyosimama ilikuwa na mkunjo uliofumbuka. Ndani yake kulikuwa na alama nyekundu, ndogo, mviringo, na weusi umeizunguka pande zote, kama taa inayoonekana kutoka mbali sana. Akasogeza picha moja mbele: mkunjo umefumba. Akarudisha moja nyuma: umefumba. Kati ya elfu hamsini, picha moja. Na kila picha imeandikwa saa yake. Hiyo iliandikwa saa saba na dakika ishirini.

Akaenda kumwonyesha daktari mkuu. Daktari alikasirika kwanza, halafu akatazama, halafu akakaa kitini. Kesho yake wakampasua Minza, wakaukata utumbo kiasi cha shubiri moja, wakauunga. Palikuwa na uvimbe mdogo, punje ya mtama ni kubwa kuliko huo, na mshipa juu yake umepasuka. Daktari akaeleza vizuri tu: uvimbe ulibana njia, kidonge kikakwama kidogo, kikajinasua. Mambo hayo hutokea. Mimi simbishii daktari, alisoma na mimi sikusoma. Minza akapona. Winfrida, kwa kutofuta alichoagizwa afute, akahamishiwa stoo ya mashuka.

Bado kuna kidonge. Mnakumbuka nani hutazama choo cha Minza? Siku moja kabla ya upasuaji Nyanzobe alikiona, akakitoa kwa kijiti, akakiosha. Ilikuwa siku ya nne tangu kimezwe. Walisema taa yake hufa baada ya saa kumi. Nyanzobe alikiweka kiganjani, nacho kikampepesea. Akakitia kwenye kopo la majani ya chai, akafunga kifuniko, hakumwambia mtu.

Wakarudi Igalamya na karatasi ya hospitali. Wanaume wa sungusungu wakaisoma, wakaipitisha mkono kwa mkono.

"Karatasi inasema kilichokatwa," mkubwa wao akasema. "Haisemi aliyekiweka."

Minza akawaambia, "Alinipa damu yake."

"Labda alirudisha." Akafikiri kidogo, maana hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu mwenye hofu. "Tutangoja mtoto. Hakuna mama ampaye mwanawe jina la aliyemnyonya damu. Ukimpa mtoto jina la huyu, tutajua ni msafi, na tutamwomba radhi hadharani. Usipompa, tutajua nawe unajua."

Wakangoja. Msimu ukapita, wa pili ukapita. Kila siku mchana, jua likiwa juu, mtu aliita nje ya ile nyumba. "Minza." Mara moja. Minza alinyamaza, akaendelea kutwanga. Kesho mchana, "Minza." Akanyamaza. Hata mbuzi walizoea.

Mwaka wa tatu akajifungua mtoto wa kike. Uzazi ulikuwa mgumu mno, mkunga akamwambia waziwazi, "Huyu ndiye wako, hakuna mwingine." Na mtoto hakulia. Alizaliwa kimya, akanyonya kimya, akatazama watu kimya. Weupe wa macho yake ulikuwa mwekundu. Mkunga alisema watoto wengi hutoka hivyo kwa kubanwa na uzazi, hupotea wenyewe. Majirani walimtazama mtoto kisha wakamtazama Nyanzobe.

Jina Igalamya hutolewa siku ya saba, alfajiri. Mtoto hulazwa kizingitini, nusu ndani nusu nje, na mama humwita jina kabla jua halijagusa kizingiti. Likishagusa na mtoto hana jina, yeyote aliye nje anaweza kumwita, naye atakwenda.

Siku ya saba ikafika. Watu wakajaa uani. Sungusungu wanne, marungu yameegemezwa. Shigela kasimama pembeni, tayari kuitikia. Na Winfrida akaja. Alikuwa amekonda, kitambaa kichwani, macho yanafifia. Alipoeleza uani jinsi alivyoitwa akaitika, watu walisogea, akabaki peke yake kama ana ugonjwa. Huu ulikuwa msimu wake wa tatu.

Minza akaketi nyuma ya mtoto. Akasema, "Niliahidi jina moja kwa watu watatu. Kosa ni langu. Semeni, nisikie."

Nyanzobe akasema, "Mwanangu, nilikufuata chooni wakati wengine wanakimbia harufu. Nilibeba jani lile barabarani watu wakinitemea mate. Damu iliyokushikilia mpaka kidonge kikapatikana ni yangu. Kama si mimi kubisha, ungekufa unameza vidonge vya kuongeza damu. Sitaki sifa. Nataka kulala nyumbani kwangu. Usiponipa jina, hawa baba zangu wamekuja na marungu, na mimi sina miguu ya kwenda popote."

Winfrida akasema, "Niliambiwa nifute, sikufuta. Macho yangu yameishia mle. Kazi yangu imeishia mle. Kidonge kiliona, ndiyo, lakini kuona bila mtu wa kutazama ni kazi bure. Mmenieleza leo kwamba niliyemwitikia atanichukua kabla ya mvua. Labda ni kweli, labda si kweli, mimi si wa huku. Lakini sina mtoto, na sitapata. Mama Nyanzobe ana Shigela. Nikifa, jina langu litakaa nje, wapi? Hata huku si kwetu, litapotea njia. Dada, ulinishika mkono hukuniachia. Leo mimi nakushika."

Wa tatu hakuwepo wa kumsemea. Watu wakatazamana. Nyanzobe, na hapa mniambie ni mwanamke wa namna gani, akaingia ndani akatoka na kopo la majani ya chai. Akalifungua mbele ya wote, akaliweka chini kando ya kizingiti.

Kidonge kilikuwa kinapepesa. Miaka mitatu karibu, na kinapepesa.

"Huyu naye aseme," Nyanzobe akasema. "Alitoa zamu yake akafa. Mimi nilitoa damu nikabaki hai. Siwezi kumfungia ndani ya kopo wakati anadaiwa jina."

Hapo nje ya ua, upande jua linakotokea, ambako hapakuwa na mtu, sauti ya upole ikaita. Haikumwita Minza. Mtoto hakuwa na jina la kuitwa, kwa hiyo iliita tu, kama unavyomwita mtu usiyemjua njiani. "Wee." Mara moja.

Na mtoto, ambaye hajawahi kulia, aliinua mkono wa kulia, kiganja mbele, akaushikilia hivyo juu. Najua, najua. Watoto wa siku saba hurusha mikono. Lakini hurusha, hawashikilii.

Jua lilikuwa limebakiza upana wa vidole vinne. Minza akatazama macho mekundu ya mkwe wake. Akamtazama Winfrida, anayefikicha macho ili amwone. Akatazama kopo, na ule mkono mdogo uliosimama. Sungusungu mmoja akachukua rungu lake, hakulinyanyua, alilishika tu. Vidole vitatu. Viwili. Minza akafungua kinywa.

Najua kuna mjanja hapa atasema ampe yote matatu. Nimeshasema: mwili mmoja, jina moja. Na mwingine atasema mila hizi ni upuuzi, aitwe jina lolote zuri. Huyo akasimame yeye kizingitini, awaambie wale wanne.

Haya, wekeni majani chini sasa. Aliyetoa damu na atafukuzwa, aliyetoa macho na atasahauliwa, aliyetoa zamu yake na yuko nje mpaka leo. Jua limebakiza kidole kimoja, na mtoto amelala nusu ndani nusu nje. Je, nani alistahili jina?

Mwiteni. Na mkimwita, mwiteni mara mbili.